Alimsaka anayeangusha programu ya wodi, akajikuta mwenyewe

Saa tatu asubuhi, Mama Waya ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa wodi ya wazazi, daftari mapajani. Wodi imejaa. Anamtazama muuguzi wa zamu akiomba majibu ya damu kwenye kompyuta. Muuguzi anasubiri, anaguna, anafunga dirisha la kwenye skrini na kulifungua upya. Mama Waya anaandika: "Amefunga. Sekunde nne."

Ana miaka hamsini na mmoja, na ndiye aliyeunda programu inayopeleka majibu ya maabara kwenye wodi kumi na nne za hospitali hii. Haionekani kwenye skrini yoyote. Inachapa kazi kimyakimya ndani ya seva, kompyuta kuu ya hospitali. Jina la utani alipewa na wauguzi, ambao mpaka leo wanaamini kazi yake ni kuvuta waya. Amechoka kuwasahihisha.

Kwa miezi miwili, tangu wodi ya wazazi ianze kufurika, programu ilikuwa ikianguka, wiki nyingine mara tatu. Majibu yanakatika wodi zote, wahudumu wanaanza kupishana kwenye ngazi na karatasi mikononi. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba kila ilipoanguka, kompyuta iliyotoka kukata mawasiliano ilikuwa ya wodi ya wazazi, zamu ya muuguzi yuleyule. Maneno yakasambaa. Mkuu wa wauguzi akaandaa barua ya kumhamishia masijala kuanzia Ijumaa.

"Miaka kumi na tisa nazalisha watu, leo niondolewe kwa sababu ya kubonyeza?" anasema muuguzi huyo. "Nilifika mahali naogopa hata kugusa kipanya."

Mama Waya hakuafiki. Kwake, programu inayokufa kwa kubonyezwa ina ugonjwa wake yenyewe. Akaomba siku tatu, akabeba kiti chake.

Siku mbili za kwanza aliambulia patupu. Muuguzi, akijua anatazamwa, alibonyeza kwa adabu kama yuko kwenye mtihani. Siku ya tatu, Alhamisi, kina mama wamemzidi, amemsahau fundi, na tabia yake halisi imejitokeza: hasubiri. Wodi nyingine zina muda wa kusubiri. Anayejifungua hana.

Mama Waya anaeleza kwamba kila kompyuta inapounganishwa, programu huipa laini yenye namba, kama kibao unachopewa ukiacha mkoba mlangoni mwa duka. Mafundi huiita soketi, ingawa haina undugu na ile ya ukutani. Muuguzi alipofunga dirisha kabla ya jibu kufika, sehemu moja ya programu ilifunga laini yake na kuachia namba. Sehemu nyingine, isiyo na habari, ikaja kuifunga namba ileile mara ya pili. Wakati huo namba ilishapewa maabara. Maabara ikakatwa katikati ya kutuma majibu, na programu ikaendelea kuitafuta laini isiyokuwepo mpaka ikaanguka chali.

Dawa ilikuwa mistari michache: kazi ya kufunga iachiwe sehemu moja tu, na namba ikishafungwa ifutwe hapohapo. Kisha akafungua historia ya programu kuona nani aliandika kosa lile. Ni yeye, miaka sita iliyopita, siku moja kabla ya likizo.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Hospitali nzima hakuna mwingine anayeisoma programu ile. Badala yake alipanda ghorofa mbili hadi ofisi ya mkuu wa wauguzi, akaomba muuguzi aitwe, akasema mbele yake, "Aliyekuwa anaiangusha ni mimi. Dada huyu alikuwa anafanya kazi yake."

Barua ilichanwa palepale. Mumewe anasimulia kwamba jioni ile mkewe alikula, kisha akaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Hii ni wiki ya saba programu haijaanguka. Siku hizi kila kitu kipya hupitia kwanza mikononi mwa muuguzi yule, kwenye mashine ya majaribio, naye ana ruhusa ya kukiharibu atakavyo. Anaifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Ombi la Mama Waya kwa uongozi ni moja: fundi wa pili.

"Simtaki wa kunipunguzia kazi," anasema. "Namtaka wa kuniambia nimekosea, kabla mtu mwingine hajaandikiwa barua."