Kofia ya Babu, Kichwa cha Mama

Kila ninapopiga pasi sweta la mwanangu likiwa bado na unyevu, harufu ya sufu yenye mvuke hunitoa Nairobi na kunirudisha Guangzhou, kwenye chumba cha ghorofani pale mtaa wa Kangle, kwa mama mmoja wa Kichina aliyetengeneza kofia za pama. Tulimwita Ayi, yaani shangazi kwa lugha yao. Hakuwa na kofia zilizo tayari. Kwake kofia ilianza na kichwa chako. Kama hukuja nacho, hakuwa na la kukuuzia.

Mama yangu alikuwa akinunua nguo Kangle na kuzipeleka bandari ya Nansha kwenye makontena, na wakati wa likizo alinikokota kila alikokwenda. Nami nilipenda kukokotwa kwa Ayi. Birika lilipopiga mluzi, aliishika sufu juu ya mvuke mpaka ikalainika kama sikio la sungura, kisha akaivuta juu ya kalibu ya mti yenye umbo la kichwa, akaifunga kamba na kuikandamiza kwa viganja. Ilipokauka aliusugua ukingo kwa msasa, taratibu, huku akiung'ong'a wimbo wake. Bonde la juu alilifinya kwa vidole vitupu. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ayi ukimsifu aliuanza ukingo upya, na mteja akangoja zaidi.

Basi mama akaamua kumtengenezea Babu kofia. Babu, baba yake, aliishi kwetu Molo, akipenda nyimbo za kantri, za wale wavaa pama, kuliko chai. Hakuwa amesema na mama tangu mama aondoke kwenda China bila ridhaa yake, na mama aliona kofia ingefika pale simu zake ziliposhindwa. Mjomba alimpima mzee kichwa kwa uzi, uzi ukaja na mfanyabiashara mmoja wa kwetu, Ayi kwa urafiki akakubali kuufuata, na kofia ya rangi ya kahawia ikaenda naye. Safari iliyofuata aliirudisha.

"Mzee anasema kofia ni nzuri," alisema huku akiangalia viatu vyake, "lakini ni ya mtu mwingine."

Mama aliketi juu ya marobota ya nguo akalia. Sikuwahi kumwona akilia, nikaogopa sana.

Tulipompelekea Ayi kofia, aliipima tena kwa ule uzi. "Pengyou, saizi OK," alisema, akimwita mama rafiki kwa lugha yake, na Kiswahili chake alikiokota kwa wateja. "Shepu mei you," yaani haipo. Uzi ulisema ukubwa, haukusema umbo. Vichwa viwili huweza kumaliza uzi mmoja, kimoja kirefu kama papai na kingine duara. Alitaka umbo la kichwa cha Babu lichorwe kwenye karatasi, lakini Mjomba akajibu kwenye simu kwamba mzee hataki kupimwa tena, kichwa chake si suruali.

"Sasa nani kichwa kama yeye?" Ayi aliuliza.

Mama alijishika kisogo. Nyumbani walimtania tangu utotoni kwamba amechukua kichwa cha baba yake, na kinundu chake cha nyuma. Ila juu ya kichwa hicho kulikuwa na misuko minene iliyomgharimu siku nzima, na mama aliijivunia jamani! Tulishuka kwa kinyozi Mkongo.

"Zote, Maman? Vraiment? Kweli?"

"Zote."

"Mum, please, watu watatucheka," nilimsihi.

"Wacheke. Kwani wao hawana baba?"

Ayi alizungusha ukanda wa kitambaa kwenye upara wa mama mpaka ukafikia ukubwa wa uzi wa Babu, akaipitisha kofia kwenye mvuke, akamvika ikiwa bado na uvuguvugu, na mama akakaa nayo mpaka ikakauka, akibishana bei za fulana kwenye simu. Sijawahi kuona watu wawili wakifanya kazi kwa upendo namna ile.

Wiki chache baadaye Babu alipiga simu ya video, kofia kichwani. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Haikutikisika.

"Nani alimpa huyo Mchina kichwa changu?"

Mama aliisogelea simu. Alivua kitambaa alichojifunga kichwani. Babu naye akavua kofia, na vipara vyao vikatazamana.

"Nywele zitamea," alisema Babu. "Uje kabla hazijamea, nikuone vizuri."

Nilikuwa nimemkasirikia Babu, nikimwona mzee mchaguzi asiyeshukuru. Ilinibidi niwe mzazi ndipo nielewe kwamba hakuwa akilalamikia kofia. Alitaka kujua kama binti yake, huko mbali alikokwenda, bado anamkumbuka alivyo. Tulisafiri mwezi uleule, na pale uwanja wa ndege Babu alimshika mama kichwa kabla hajamshika mkono.