Fundi Makochi na Simu Iliyojifunga

Saa mbili asubuhi, fundi makochi amepiga goti mbele ya kochi la watu watatu lililovuliwa nguo. Limebaki mbao tupu, mikanda iliyolegea na sponji iliyogeuka rangi ya chai. Anang'oa pini za zamani kwa bisibisi na kuzitupa kwenye kopo la rangi. Kisha anasimama, anajifuta mikono kwenye suruali, anatoa simu mfukoni na kurudi nyuma kidogo ili apate kulipiga picha.

Picha ya kwanza imeingia kidole. Ya pili imetoka sawa. Anamtumia mwenye kochi, na badala ya kuandika anatuma sauti: "Mama, mbao ya nyuma imeliwa na wadudu. Tazama mwenyewe, usije ukasema fundi anajitafutia kazi."

"Siku hizi ndivyo wanavyotaka," anasema. "Mteja haji tena kukaa hapa akuangalie. Asipoona picha, anajua unampiga changa la macho."

Simu yenyewe ni ndogo, ya bei ya chini, imevishwa kava jeusi la mpira. Ukiisifia, anacheka kidogo na kuirudisha mfukoni haraka. Kabla ya hii alikuwa na nyingine, kubwa, ya kung'aa, na hiyo ndiyo hapendi kuizungumzia. Leo anaizungumzia akiwa ameinama juu ya mbao, bila kumtazama mtu usoni.

Kwa miaka alitumia simu ya vitufe. Wateja walipoanza kutuma mitindo ya makochi kwa picha, aliwaelekeza wamtumie muuza duka wa jirani, kisha yeye akienda kuchungulia huko. Siku moja duka lilikuwa limefungwa, mteja akachoka kusubiri, akapeleka kazi kwingine. Ilikuwa seti nzima ya makochi.

Mkewe hushona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ndiye aliyemwambia: "Baba watoto, nunua simu janja. Ya kawaida tu, ipige picha na ikae na chaji. Usiende kutafuta makubwa."

Alitoka nyumbani na pesa taslimu za kutosha simu ya namna hiyo. Dukani akamkuta mtu anayemfahamu: mwanamume ambaye yeye fundi ndiye aliyemfundisha kazi miaka ya nyuma, na ambaye sasa ana karakana yake yenye milango ya vioo na gari la kusambazia makochi. Mwanamume huyo akamwamkia fundi kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu," na kumpisha mbele.

Muuzaji, bila nia mbaya, akauliza kwa sauti: "Mzee, unatafuta zile za bei nafuu? Ziko kule chini."

"Masikio yalinichemka," fundi anakumbuka. "Wala hakunitukana. Ndicho nilichokifuata. Lakini pembeni yangu alikuwa amesimama yule aliyekuwa akinishikia sponji nikikata. Nikasema, hapana, nionyeshe za juu."

Za juu, pesa zake hazikutosha. Muuzaji akamweleza kwamba ipo njia ya mkataba. Angelipa kianzio na kuondoka na simu, kisha angelipa kiasi kilekile kila mwezi kwa mwaka mzima, bando likiwa humohumo. Akishindwa kulipa, simu ingejifunga yenyewe. Ukijumlisha yote, bei ilikuwa inafika karibu mara mbili ya kununua taslimu. Njia nyingine ilikuwa kuilipia simu yote siku ileile na kuweka vocha anapopata.

"Alinieleza vizuri kabisa, sitamsingizia," anasema. "Mimi nilikuwa naitikia tu ili nitoke pale."

Yule mwanafunzi wake wa zamani aliipokea simu mpya, akaigeuza mbele na nyuma. "Mwalimu, umechagua chombo. Utaniambia kama huo mkataba ni mzuri, nataka kumchukulia mama yangu."

Nyumbani, mkewe aliuliza ilikotoka simu ya fahari namna ile. Fundi akasema kazawadiwa na mteja tajiri, na kwamba zile pesa amenunulia sponji. "Uongo ulinitoka kama kikohozi," anasema. "Sikuupanga."

Mkewe aliuamini. Akawaonyesha majirani na wateja wake wa mapazia, akisema mumewe anathaminiwa kwa kazi ya mikono yake. Fundi alikuwa akisikia kupitia dirishani, akijifanya anapima kitambaa.

Katika wiki nzuri hukamilisha seti mbili. Miezi ya mwanzo alilipa bila shida. Kisha ukaja mwezi ambao hakuna aliyeleta hata kiti cha kubadilishiwa sponji. Asubuhi moja kioo kikawa cheusi, kikabaki na maandishi meupe ya kudai malipo. Akaiweka simu kabatini, akasema imeharibika.

Siku zilezile alikutana na mwanafunzi wake kwenye duka la vitambaa. Mwanafunzi akamuuliza kuhusu simu na mkataba. "Nikamwambia, nzuri sana, mchukulie mama bila wasiwasi," anasema fundi. Anaacha bisibisi, anasugua macho kwa kiganja.

Mkewe hakukubali zawadi ya mtu ikae kabatini. Alitenga pesa katika mauzo ya mapazia, akamwambia waende wote kwa fundi simu. Kukataa kungemfanya aulizwe maswali, kwa hiyo akaenda.

Kibandani kulikuwa na watu. Fundi simu alikifuta kioo, akabonyeza pembeni, akasoma. "Mzee, hii haijaharibika. Haijalipiwa. Ni ya mkataba, ukilipa inafunguka sasa hivi."

"Hii ni zawadi," mkewe akasema. "Hebu angalia vizuri, usimvunjie mume wangu heshima."

"Mama, soma mwenyewe." Akamgeuzia kioo.

Mkewe alisoma. Akarudisha pesa kwenye pochi, akashukuru na kutangulia mbele. Mumewe akamfuata nyuma mpaka nyumbani.

"Angenifokea ningepumua," anasema fundi. "Alinitetea mbele za watu, nami nimesimama kama gogo, huku najua aliyedanganywa ni yeye."

Mkewe anakumbuka alichomwambia walipofika. "Nilimwambia, tumekosa mangapi pamoja? Ungesema uliona haya mbele ya mtu, ningekuelewa. Sasa umeniacha nikutangaze mtaa mzima." Anakata uzi kwa meno na kuendelea kushona.

Simu ilirudishwa dukani. Kianzio hakikurudi. Pesa zilipopatikana tena, walikwenda pamoja kwenye duka jingine, na safari hii mkewe ndiye aliyeuliza: chaji inakaa siku nzima? Kioo kikivunjika, kingine kinapatikana? Inabeba picha ngapi kabla haijaanza kukwama? Muuzaji alipotaja mkataba, mke alimgeukia mumewe. "Mjibu wewe."

Duka lilikuwa limejaa. Fundi akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mimi sina mshahara. Mwezi huu napata, ujao naweza kula hewa. Nipe za bei nafuu, nilipe yote leo. Bando nitanunua siku nikiwa na kazi."

Ndivyo anavyoishi nayo. Akiwa na mteja, ananunua bando la siku. Akikosa mteja, simu inabaki ya kupokelea na kupigia picha. Kazi zimeanza kurudi, na lile kochi la watu watatu ameletewa na mteja aliyeona picha za kazi yake kwa jirani.

Lakini yule mwanafunzi bado hajaambiwa ukweli. Fundi hajui kama ameshamchukulia mama yake simu ya mkataba, au ni nani atakayekuwa akiilipia. Amepanga kwenda kwake Jumapili. Mkewe ameahidi kumsindikiza mpaka kwenye ile milango ya vioo, na ndani ataingia peke yake.

Anachoomba ni kwamba habari hii isitoke kabla ya siku hiyo.

"Asije akaisoma gazetini," anasema. "Nataka aisikie kwangu, nikiwa nimesimama mbele yake."