Herufi x Juu ya Boneti

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, dereva wa gari la wagonjwa ameinama juu ya boneti kama fundi anayesikiliza injini. Lakini injini imezimwa. Kwa kidole, juu ya vumbi, anaandika: 40x + 80(x − ¼) = 120. Simu yake iko kando ya hesabu hiyo, sauti imefunguliwa, na upande wa pili kuna mtu anayesubiri jibu.

"Kaka, nawasha gari au nisubiri umalize darasa?" inauliza simu.

"Washa. Saa nne kamili ondoka. Mimi mtungi wa oksijeni bado unatolewa stoo, nitachelewa robo saa. Tukutane uwanja wa shule, saa tano na dakika kumi."

"Uwanja wa shule? Pale hakuna hata kivuli."

"Kivuli mtoto hajakiomba. Anaomba pumzi."

Mtoto huyo amezaliwa leo katika zahanati iliyo kilomita mia moja na ishirini kutoka hospitali hii, na hapumui vizuri. Gari la zahanati halina oksijeni. Gari la hospitali linayo. Magari mawili, barabara moja, na kati yake kifua kidogo ambacho hakijamaliza hata siku moja duniani.

Dereva wa hospitali wanamwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya usukani wa gari la wagonjwa. Aliye kwenye simu ni Taratibu, dereva wa zahanati. Akibeba mgonjwa, Taratibu hazidi kilomita arobaini kwa saa, hata apigiwe honi na dunia nzima. Baba Pacha akienda mtupu huenda themanini.

Kwa miaka yote walipokezana wagonjwa kwenye kituo cha mafuta kilicho katikati hasa ya safari. Walirithi desturi hiyo kwa madereva wa kabla yao: nusu yako, nusu yangu, asiwepo wa kunung'unika. Kuendesha tu mpaka waonane haiwezekani. Barabara ni nyembamba, mitaro ni mirefu kulia na kushoto, malori hayaishi, na huko simu haishiki. Mahali pa kuegesha ni pachache, na lazima wakubaliane kabla ya kuondoka.

"Nilikuwa nafika wa kwanza kila mara," anasema Baba Pacha. "Nakunywa soda, nafuta vioo, namcheka Taratibu. Najiona dereva kwelikweli."

Soda hiyo iliingia shubiri mwaka jana, mezani nyumbani kwake. Binti mmoja, yule aliyemtangulia pacha wake kwa dakika chache na hajaacha kujidai, alikuwa akifanya hesabu za shule. Magari mawili yanaelekeana, moja lina mwendo wa arobaini na jingine themanini. Yako umbali wa kilomita mia na ishirini. Yatakutana wapi?

"Katikati," baba akadakia huku akitafuna.

"Baba, hata mwendo hujausoma."

"Nisome nini? Hiyo si ndiyo kazi yangu? Yanakutana kwenye kituo cha mafuta."

"Kwenye hesabu hakuna kituo cha mafuta."

Binti akamwonyesha. Muda hatuujui, basi tuuite x. Umbali ni mwendo mara muda. Huyu ametembea 40x, yule 80x, na ukivijumlisha unapata barabara nzima. "Kwa hiyo 120x ni 120. Eksi ni saa moja, baba. Wa polepole ametembea kilomita arobaini tu, na wa mbio ameshapita katikati zamani."

Baba Pacha anakumbuka kwamba aliweka kijiko chini.

"Zile dakika za soda, oksijeni nilikuwa nayo mimi, na mgonjwa yuko mbali anaihitaji. Nilidhani nimewahi. Kumbe nimesimama."

Tangu jioni ile akawa mwanafunzi wa binti yake. Alipigwa na butwaa, na hadi leo akilisimulia jambo hilo sauti yake hushuka, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada.

"Hebu fikiria," anasema. "Kitu hukijui. Unakipa jina, unakibeba, unakipeleka huku na huku kana kwamba mnajuana. Mwisho kinajitokeza chenyewe, kinakwambia: mimi ni huyu hapa."

Alimpelekea daktari mkuu hoja ya kukutana panapoonyeshwa na hesabu, si katikati. Daktari akaisikiliza mpaka mwisho, akakubali jaribio moja. Likienda kombo, wanarudi kwenye kituo cha mafuta.

Jaribio lenyewe ni leo.

Juu ya boneti, robo saa ya kuchelewa imegeuka kilomita ishirini, mabano yamefunguka, na 120x imekuwa 140. Saa moja na dakika kumi tangu Taratibu aondoke. Kutoka hospitalini, hapo ni kama kilomita sabini na tatu, na ndipo ulipo uwanja wa shule.

Saa nne na robo wanaondoka. Muuguzi ameukumbatia mtungi.

Saa tano na dakika tisa wako uwanjani. Inafika na kumi, na barabara ni tupu. Inafika na kumi na tano.

"Baba Pacha," anasema muuguzi polepole, "hiyo eksi yako imepata pancha?"

Baba Pacha ameshika usukani wa gari lililosimama.

Dakika mbili baadaye, vumbi linainuka kwenye kona.

"Ng'ombe," anasema Taratibu akishuka. "Wamejaa barabara nzima, wananitazama kama nawadai."

Muuguzi ameshaingia garini mwake na mtungi. Mama wa mtoto anatazama mikono ya muuguzi tu. Midomo ya mtoto ina rangi ya wino. Kidogo kidogo, kama karatasi inayokauka, wino unafifia. Halafu kinatoka kilio, chembamba na chenye hasira, kinaujaza uwanja mzima.

"Analia," anasema mama, kana kwamba wengine hawasikii.

Taratibu anatazama saa. "Kituo cha mafuta bado kiko mbele yangu dakika ishirini," anasema. "Kaka, nisamehe maneno ya kivuli."

Daktari mkuu ameruhusu utaratibu huo uendelee. Baba Pacha anakusudia kupima kila mahali gari linapoweza kuegeshwa, uwanja kwa uwanja, na mwakani afanye mtihani wa hisabati pamoja na mabinti zake. Kuna jambo moja tu linalomsumbua, na jioni hiyo alimweleza mwalimu wake.

"Hesabu yangu ilikuwa sawa. Ng'ombe je, nawaweka wapi?"

"Muda wao unaujua?"

"Siujui."

Binti akamsogezea kalamu. "Basi wape herufi yao, baba. Bado zipo nyingi."