Baba wa Jumamosi Moja

Shule niliacha kidato cha pili, na sioni haya kusema, kwa sababu waliomaliza ndio wapangaji wangu. Nina majengo mawili kule Kware na nyumba ya kuishi Buruburu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Lakini kabla ya kuacha shule nilikuwa mwigizaji, tena mwigizaji hasa. Mwalimu alisema hajasikia mtoto mwenye sauti kama yangu, ndiyo maana akanipa uchifu. Katika mchezo wetu chifu ndiye anayeongea mwanzo mpaka mwisho. Wengine wanapiga magoti tu.

Tulikuja Nairobi kwa mashindano ya maigizo, miaka ile ya tisini, kundi zima kutoka Ukambani. Tukalazwa katika madarasa ya shule ya msingi karibu na Jogoo Road. Tuliunganisha madawati, tukatandika blanketi juu yake. Watoto wa mtaa wakaja kutuchungulia kwenye ua.

"Niaje, wasee wa ushago! Mmetuletea maembe?"

Tulicheka tu. Kiswahili chao kilikuwa na mbio, hatukukipata; tulijua tu kwamba tunaitwa watu wa shamba.

Mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi mchana kila mwenye ndugu mjini atachukuliwa akale kwao, arudi kabla ya giza. Kwetu hilo halikumshangaza mtu. Nusu ya Ukambani iko Eastlands: huyu ana shangazi Makadara, yule ana kaka Umoja. Habari zilikuwa zimetumwa zamani. Na mimi, tangu siku ya kwanza shuleni, nilikuwa nimewaambia wote kwamba baba yangu anakaa Buruburu, ana gari, ana geti lake.

Buruburu ilikuwa kweli, au iliwahi kuwa kweli. Alikwenda huko kuendesha gari la mtu nikiwa mdogo. Krismasi mbili alirudi, ya tatu hakurudi, na mama akaacha kumtaja. Kwa hiyo nilijua Jumamosi itakavyokuwa. Wenzangu wataitwa getini mmoja mmoja, mimi nitabaki kwenye benchi, na kila mtu atajua sina baba.

Sasa, fimbo yangu ya uchifu ilikuwa imevunjika ndani ya basi. Ijumaa mwalimu akanituma niitengeneze kwa wachongaji, waliokuwa na kibanda cha mabati nyuma ya shule. Nikamkuta fundi mmoja mzee kidogo, ameketi katikati ya vibanzi, twiga asiye na masikio katikati ya magoti. Alipoisikia lafudhi yangu akacheka.

"Wa kwetu! Fimbo imevunjwa na nani?"

"Na basi, mzee."

"Chifu gani huyu anayeshindwa na basi?"

Akaanza kuichonga upya palipovunjika. Nilimtazama. Umri wake ulifaa. Sura ilifaa pia, ukiitazama kwa mbali. Leo watu wananiuliza nilijifunza wapi kuajiri. Nilijifunza pale.

"Mzee, kesho mchana una kazi?"

"Twiga hawaishi. Kwa nini?"

"Nataka uwe baba yangu."

Tezo ikasimama. "Kwa muda gani?"

"Mpaka jioni. Uje getini, unichukue, basi."

"Wako amekufa?"

"La. Yuko Buruburu."

"Buruburu ni pale tu. Si umfuate?"

"Sijui nyumba."

Hakucheka. Alipuliza vumbi kwenye fimbo, akaigeuza geuza. "Mimi sijawahi kuigiza, kijana. Hata kanisani huwa nabeba viti tu."

Nikamfundisha. Nikamwambia avae koti, asiseme mengi, akiulizwa gari aseme ameliacha barabarani. Nikamwambia jina langu na jina la kijiji. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu.

Jumamosi tukaketi kwenye benchi karibu na geti, tumejipaka mafuta mpaka magotini. Wakaja mashangazi na leso zao, wajomba na soda mkononi. Kila aliyeitwa aliruka kama amechomwa. Benchi likapungua. Yule aliyeigiza karani wangu, mtoto mwenye mdomo sana, alikuwa bado anamsubiri kaka yake.

"Chifu," akasema, "lile gari la Buruburu limeishiwa mafuta?"

"Linakuja."

"Ama mzee wako anatafuta ufunguo wa geti?"

Wakacheka waliobaki. Halafu kaka yake akaja, naye karani akasimama akijivuta ili asikose kitu.

Ndipo fundi akatokea. Koti halikuwa lake, mikono ilimfunika mpaka vidole, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi. Nikasema moyoni, kwisha mimi. Mwalimu akamzuia.

"Karibu mzee. Umemfuata nani? Na wewe ni nani wake?"

Fundi alinigeukia. Alinitazama juu mpaka chini, polepole, akasema kwa lugha ya kwetu, "Baba, umekua hivi?"

Lazima nieleze hapa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, mzazi wa baba. Kwa hiyo baba yake mzazi humwita "baba", kwa heshima ya yule mzee. Jirani hakuiti hivyo bure bure. Sikuwa nimemfundisha fundi neno hilo. Sikuwa hata nimemwambia kwamba mimi ni wa kwanza. Mwalimu aliposikia akasogea pembeni mwenyewe, na karani akafunga mdomo. Na mimi, niliyeupanga mchezo wote, nilisahau kwa muda kwamba ni mchezo. Miguu ilikwenda yenyewe.

Tulipokata kona nilifikiri tutaachana. Fundi akasema, "Twende tukaione hiyo Buruburu."

Tukatembea katikati ya zile nyumba za vigae vyekundu, ua kwa ua. "Chagua moja," akaniambia, "wakikuuliza usibabaike." Nikachagua ya geti la buluu. Mwanamke alikuwa anaanua nguo. Ndani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Tulisimama ng'ambo ya barabara, tukaitazama kama watu wanaotaka kununua, mpaka yule mwanamke akatutazama na sisi tukaondoka.

"Ulijuaje mimi ni wa kwanza?" nikamuuliza njiani.

"Sikujua. Nina wangu nyumbani, wa rika lako. Ulimi ulikwenda wenyewe."

"Ulimwona lini?"

"Alikuwa hapa." Akaonyesha kimo, kiunoni, kiganja ndani ya mkono mrefu wa koti.

"Kwa nini huendi?"

"Kila mwaka nasema, nikienda nisiende mikono mitupu. Sasa miaka imekuwa mingi, nami naona haya."

Neno lile "baba" halikuwa langu. Lilikuwa la mtoto mwingine, nami nimelivaa kama yeye alivyovaa koti la mtu. Tulirudi, kila mmoja akimfikiria mtu ambaye hakuwa pale. Kwenye kona alisimama, akavua koti akalikunja vizuri, maana lilikuwa la kurudishwa.

"Nenda, baba," akasema.

Usiku ule nilielezea geti la buluu, nguo zilizoanikwa, redio. Hakuna aliyepumua. Jumatatu nilikuwa chifu mpaka watu wa nyuma wakasimama, na kwenye kila sentensi nilitafuta uso wa fundi katikati ya watazamaji. Sikumwona. Kumwalika ndiko sikukumbuka.

Baba yangu sikumpata, na siku hizi simtafuti. Nyumba ya geti la buluu wenyewe walikataa kuuza, nikanunua iliyo karibu nayo, tena kubwa zaidi. Watoto wamekwenda zao; Jumamosi tunabaki mimi na geti.

Fundi nilikwenda kumtafuta nilipopata uwezo. Kibanda kilikuwa kimebomolewa, wachongaji wamesogea mbele. Vijana wakaacha msasa, wakaniuliza kwa adabu, "Mdosi, anaitwa nani?" Mimi ninayejua majina ya wapangaji wangu wote, na ya watoto wao, nilifungua mdomo nikakosa. Siku ile yote sikumuuliza.

Wakaendelea kunitazama. Nikawaambia wanipe twiga, yule mkubwa kuliko wote. Wakataka kunitafutia mkokoteni. Nikakataa, nikambeba mwenyewe begani mpaka nyumbani.