Mikono Mfukoni

Mimi si mtu wa wivu. Muulizeni mke wangu. Atacheka mpaka ashike mbavu, lakini muulizeni.

Kazi yangu ilikuwa mikono. Miaka tisa nimesimama chini ya winchi kwenye majengo, glavu za njano mpaka viwiko, namwonyesha dereva aliye juu mahali asipopaona. Kidole kikizunguka, pandisha. Kiganja kikipepea chini, shusha. Ngumi, simama. Dereva tunamwita Tai, maana hata chakula chake anakila huko huko juu. Siku ya kwanza aliniambia, "Sheria yetu ni moja, ndugu yangu. Nisipoiona mikono yako, nasimama." Miaka tisa hatujamkwaruza mtu hata ukucha.

Basi Injinia akaja na simu zake. Simu nene, unapiga na kupokea kama kawaida, ila ubavuni zina kitufe cha redio ya upepo. Unabonyeza, unasema, na kila mwenye simu hiyo anakusikia papo hapo. "Mbonyeze kwa adabu," akaonya. "Mmoja akikishikilia kitufe, wengine wote hawasikiki."

Moja akabaki nayo yeye. Ya pili akampa Tai. Ya tatu nikanyoosha mkono kuipokea, naye akampa dada mmoja mpimaji aliyeajiriwa wiki ile ile, mwenye cheti. "Mzee Glavu, wewe baki palepale pako, uzuie watu wasipite chini ya mzigo."

Kuzuia watu! Kazi inayofanywa na kamba! Kijiba cha roho kilinikaa hapa kooni, sikulala.

Kilichonimaliza zaidi ni kicheko. Tai alikuwa akicheka kule juu. Nilimjua kwa kofia yake inavyotikisika. Mimi kwa ngumi na kiganja ningemchekesha vipi? Sasa hawa wanasemezana nini? Nikaendelea kutoa ishara zangu vilevile, shusha, pandisha. Hakuna aliyeniomba, wala hakuna aliyenikataza.

Mwezi wa pili nikanunua simu yangu mwenyewe. Aina ile ile, imeshatumika, kioo kina ufa. Fundi simu akaniwekea chaneli ya kazini, na waya wa sikioni nikaupitisha chini ya kofia. Mke wangu alipoiona alikaa kitako.

"Unataka kumpigia nani?"

"Simpigii mtu. Nasikiliza."

"Unasikiliza wenzio wakifanya kazi! Haya. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Na wewe nyama za kupunguza huna."

Wiki nzima nilisikiliza. Shusha. Kidogo. Kushoto. Simama. Maneno makavu matupu. Mtu mwingine angetulia. Wapi! Mimi nikaona wanajificha.

Halafu asubuhi moja nikamsikia Tai: "Dada, mzigo ule tumeutua kama mtu anayelaza mtoto. Asante sana."

Asante! Jamani, miaka tisa sijaambiwa asante kutoka kule juu! Sikujiuliza angeniambiaje na yuko ghorofa ya kumi na mbili. Nilinuna. Nikaitumbukiza mikono, glavu na yote, kwenye mifuko ya ovaroli. Mfuko wa kulia ulikuwa na ile simu. Nikaikamata kwa hasira, kama mtu aliyeshika shingo ya kuku. Sikioni kukawa kimya. Nikasema moyoni, unaona? Sasa wananong'ona.

Furushi la nondo lilikuwa linashuka nyuma ya ukuta. Chini yake mwashi mmoja ameinama anatafuta mwiko wake. Mimi niliyewekwa kuzuia watu nilikuwa nazuia machozi. Dada yule alikuwa anarukaruka, mdomo wazi kwenye simu. Nondo zikashuka, zikashuka, halafu zikasimama ghafla, zinaning'inia juu ya mgongo wa mwashi. Nikashtuka, vidole vikalegea, na sikioni sauti ya dada ikarudi: "Simama! Simama!"

Nikaelewa yote mara moja: kitufe nilikuwa nimekibana mimi.

Mwashi akachomoka mzima, na Injinia akaja mbio. "Kwa nini hukusema simama?"

"Nimesema! Nimesema mpaka koo limekauka!"

"Simu yangu hii hapa, sikusikia neno. Vua kofia, dada. Nenda nyumbani." Kisha akanigeukia. "Mzee Glavu, rudi kwenye kazi yako. Kosa langu, niliacha mbachao kwa msala upitao."

Maneno niliyoyaota miezi miwili! Nami nikanyamaza. Nasema kweli, nilinyamaza. Nikamtazama mwenzangu akifungua kamba ya kofia, nikajiambia ana cheti, hatakosa kazi kwingine.

Tai akafika chini, anahema. Alimpita Injinia, akaja moja kwa moja kunikumbatia. "Redio ilikuwa inakwaruza tu," akawaambia. "Nikamtazama huyu, kama ninavyomtazama kila siku. Mikono sikuiona. Nikasimama."

Kila siku. Na mimi nilidhani napungia hewa.

Nikaitoa simu mfukoni, nikabonyeza. "Ni mimi," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye simu ya Injinia, ya dada na ya Tai kwa pamoja.

Tai hakunitukana. Alinigeuzia mgongo akapanda ngazi zake, na afadhali angenitukana.

Sasa niko stoo ya saruji, napokea mifuko. Mke wangu ameshasema lake: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Siku ya tatu dada yule, aliyekwisharudishwa kazini, akanifuata huko. Nikajua amekuja kunisimanga, na haki yake.

"Mzee wangu, naomba glavu," akasema. "Tai anasema redio ni sawa, lakini hashushi kitu mpaka aione mikono. Na unifundishe."

Nikamfundisha. Kidole, kiganja, ngumi. Alishika upesi, na hilo nalo liliniuma. Nikamkabidhi glavu, akashukuru, akaondoka. Hajafika mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Zitakupwaya hizo!"

Akazivaa palepale, akanyoosha mikono nione. Zilimkaa sawasawa.