Siku Niliyoigonga Nyiragongo Nikiwa Kwenye Kiti cha Plastiki

Wenzangu, hii habari wengi wenu mmeshaisikia kwa vinywa vya watu, na kila mutu ameongeza chumvi yake, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe yaishe: ndiyo, ni mimi niliyeigonga Nyiragongo, volkano yetu, mchana kweupe, mbele ya mama yangu, mbele ya Papa Pasta na wamama wa maombi, na muda wote huo sikutoka hata kidogo kwenye kiti changu cha plastiki. Hakuna aliyeumia. Labda mimi, na mimi niliumia pale ambapo hakuna dawa ya kupaka.

Nianze panapoeleweka. Mimi natengeneza simu hapa Ndosho, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kando ya meza ya simu nina ordinatere, kompyuta kuukuu niliyoifufua kipande kwa kipande, na ndani yake mna mchezo wa kurusha ndege. (Usiuite mchezo mbele yangu, lakini sawa, ni mchezo.) Shule niliiachia njiani, rubani wa kweli sitakuwa, hilo nalijua na wala silii. Ila tangu wenye bunduki waingie mjini na uwanja wa ndege ufungwe, anga ya Goma imekuwa kimya mpaka unasikia kunguru wanavyogombana, na mimi niliyekua nikizijua ndege kwa milio yake kabla hazijatokea, nilishindwa kuzoea. Basi nikawa naruka kwenye skrini, kwanza peke yangu, halafu kwenye mtandao, pamoja na chama cha watu kama mimi waliotawanyika nchi nyingi, wengine wanarusha, wengine wanakaa kwenye mnara wa kuongoza ndege, yaani kila mutu yuko nyumbani kwake na kaske ya masikio kichwani, lakini wanalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko harusi.

Chama hiki mara kwa mara kinachagua mji mmoja, na siku hiyo ndege zote zinakwenda kutua na kuruka pale. Niliwaomba waje Goma mpaka nikaanza kuona haya. Nilitaka siku moja tu jina la Goma litamkwe na watu wengi bila kufuatiwa na neno vita wala neno volkano. Mwishowe wakanijibu: sawa, lakini kwenu ni pagumu, kuna mlima, mutu wa hapo mwenyewe atuonyeshe kwanza kwamba anajua kutoka kwa utaratibu, ndipo tuje. Kwa hiyo egzame ile, mtihani wenyewe, haikuwa yangu tu, ilikuwa ya Goma nzima, angalau humu kichwani mwangu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuusema. Ndege ikiruka siku ya mawingu, rubani hachungulii dirishani akaamua apite wapi. Kuna njia iliyochorwa, naye anaifuata kwa kutazama mishale iliyo mbele yake. Goma unaruka kuelekea ziwani, unakwenda moja kwa moja bila kupinda mpaka maji yawe chini yako, ndipo unapinda kuume na kuzunguka juu ya ziwa ukipanda, duara juu ya duara, hadi uwe juu kuliko mlima, kisha unaomba ruhusa ya kwenda unakokwenda. Kushoto ni mpaka wa nchi jirani, kaskazini ni Nyiragongo. Nilikuwa nimeufanya mara nyingi hadi mama yangu akawa anasema nikilala vidole vinapinda kuume.

Sasa aingie Mama Riziki. Huyu anapanga chumba nyuma ya kwetu, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na nyumba yake ya zamani ilikuwa kule juu, upande wa Kanyaruchinya, mpaka volkano ya mwisho ilipoteremka ikaipitia. Hasemi sana habari hiyo. Lakini jioni moja mama yangu alimwambia kwamba ndani ya mashine yangu ardhi ya Goma ni picha zilizopigwa kutoka juu kabla ya volkano ile, na kesho yake Mama Riziki akasimama mlangoni kwangu na beseni lake la samaki kichwani.

"Mutoto yangu, banasema mu iyo mashini yako volkano haiyatoka. Njo kweli?"

"Njo kweli, mama."

"Na kwangu kuko?"

"Paa za nyumba zinaonekana. Nafikiri na ya kwenu iko."

Akashusha beseni, akapanga upya samaki ambao tayari walikuwa wamepangika vizuri. Umeme haukuwapo siku ile, vinginevyo ningemwashia palepale na nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Nikamwambia: "Njoo Jumamosi, mama. Ntakuwa naruka, nakupitisha kwenu." Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya egzame. Nilijua. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nitamaliza utaratibu wote vizuri, nitaomba ruhusa, halafu nitamrudisha juu ya kwao kwa heshima zote. Sikufikiri kwamba kwa watu wetu, ukimwambia mutu utampitisha kwao kwa ndege, umemwambia anasafiri.

Jumamosi Mama Riziki akaja na kitenge kipya, viatu vya kanisa, na wamama wa maombi kundi zima wakimsindikiza. Walibeba mahindi ya kuchemsha na karanga. Nilipouliza ni za nini, mmoja akaniangalia kama mjinga. "Weye ulishaona mutu anasafiri mikono mitupu?" Mama yangu akaleta viti vya majirani, akavipanga viwili viwili nyuma yangu na kuacha njia katikati, na akakaa dirishani. Nikacheka, nikaona ni jambo zuri. (Moyo wangu ni laini, hilo ndilo tatizo langu la kwanza, la pili linakuja.)

La pili ni mikro, kipaza sauti cha kaske. Kitufe cha kuongelea kilikuwa kimekufa siku nyingi, basi nilikuwa nimeipanga mikro ijifungue yenyewe kila inaposikia sauti. Nikiwa peke yangu haikuwa na shida. Sasa fikiria: nimeshaita mnara, na aliyekaa mnarani siku hiyo ni madame mmoja wa Lubumbashi, ndiye anayenipima, sauti yake imenyooka kama rula. Amenipa maelekezo yote ya kuondoka, nimeyarudia neno kwa neno, moja kwa moja hadi ziwani, kuume juu ya maji, kuzunguka nikipanda, hakuna kugeuka kaskazini bila kumuuliza. Akasema: "Kivu Moja, umerudia sawasawa." (Kivu Moja ndilo jina la ndege yangu. Tunaongea Kifaransa kule, mimi nawaletea kwa lugha yetu.) Na palepale Papa Pasta akasimama.

"Hatuwezi kuondoka bila kuomba," akasema, na ni kweli, hapa kwetu hata gari la kwenda Sake halitoki bila maombi. Wote wakafumba macho. Na mimi nikafumba, nifanyeje. Akaiombea injini, akayaombea mabawa, akamwombea rubani kijana huyu ambaye hajaoa, akaomba ulinzi barabarani, akajirekebisha, akasema angani. Maombi yote hayo yalikuwa yanatoka kwa mikro yangu na kuingia masikioni mwa kila rubani aliyekuwa kwenye mtandao, na kwa kuwa mutu mmoja akiongea wengine hawasikiki, ndege moja iliyotaka kutua ilishindwa kupata ruhusa ikabidi irudi juu izunguke tena. Papa Pasta alipofika mwisho, mutu mmoja mbali huko, sijui nchi gani, akajibu kwa sauti nzito iliyovuja nje ya kaske: "Amina."

Wamama wakafumbua macho. "Ni nani?" mama yangu akauliza.

"Kivu Moja," madame akasema, "ukimaliza ibada, una ruhusa ya kuruka."

Nikaruka. Na mniruhusu nijisifu hapa tu, maana mbele hakuna nafasi tena: niliondoka vizuri sana. Mstari wa katikati ya uwanja ulinyooka chini ya pua, magurudumu yakaacha lami bila kuruka-ruka, na nyuma yangu nikasikia viti vyote vya plastiki vikilia kwa pamoja kwa sababu kila mama alikuwa ameshika cha mwenzake. Mji ukapita chini. Ziwa likaonekana mbele, na kilichokuwa kimebaki ni kukaa kimya na kunyooka.

Lakini hali ya hewa kwenye mtandao ni ile ya kweli ya siku hiyo, na siku hiyo mawingu yalikuwa chini. Nikaona wazi: nikipanda kama nilivyoambiwa, nitaingia kwenye mawingu, nitazunguka, nitapita juu ya kwao Mama Riziki, naye ataona pamba nyeupe tu. Nikageuza shingo kidogo. Amekaa mbele ya wote, mikono juu ya magoti, hatafuni karanga, anasubiri. Nikajiambia: mlima naujua. Na hilo, wenzangu, ni kosa la mutu wa Goma peke yake. Mgeni angeuogopa. Sisi tunaamka nao, tunaelekezana njia kwa mlima na ziwa, panda kule mlimani, teremka huku ziwani, na ukiutazama kutoka hapa Ndosho uko mbali, umetulia, unavuta moshi wake kama muzee aliyeshiba. Nani atapotezwa na kitu anachokiona kila siku?

Nikapinda kuume, ziwa bado.

"Kivu Moja, naona unapinda. Hujafika kwenye maji."

"Ninarekebisha," nikasema. Sikurekebisha.

"Ile njo Ndosho?" mama mmoja akauliza.

"Njo Ndosho, mama."

"Kumbe tuko bengi vile," akasema, na wote wakasimama kutafuta paa zao, Papa Pasta naye, na mama yangu akawa anaonyesha kwa gunzi la hindi. Nikaendelea kupinda, nikashika kaskazini, chini ya mawingu, na zile sehemu ambazo leo ni mawe meusi matupu zikaanza kuja mbele yetu zikiwa kijani, na njia zake, na mabati yake. Kelele zikaisha zenyewe. Mama Riziki akainuka akaja kusimama begani kwangu.

"Pale," akasema. "Fata ile njia. Ile kona. Polepole, mutoto yangu. Usipite mbio."

Ndege haiendi polepole. Mutu yeyote wa chama chetu anajua hilo, ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi inaacha kuwa ndege. Lakini wewe ungeweza kumkatalia? Nikapunguza. Akanyoosha kidole akagusa skrini, na mimi nikapunguza tena, na katika kaske king'ora kikaanza kulia, na sauti ya madame iliyokuwa imenyooka ikaacha kunyooka: "Kivu Moja, geuka kushoto, panda sasa, panda." Nikavuta. Mawingu yakatumeza. Ndani ya weupe ule nikaona kitu kimoja tu, cheusi, kikubwa, na nikakitambua, maana ni jirani.

Skrini ikazimika.

"Tumefika?" Papa Pasta akauliza.

"Tumegonga mlima, papa."

Halafu mama mmoja akasema taratibu, "Na sisi wote tulikuwa ndani," na sijui kama alianza kwa utani au kwa kweli, akaweka mikono kichwani akalia ule mlio wa msiba, na mwenzake akaupokea, na mnajua mlio ule ukishapokewa hausimami. Mama yangu, ambaye mimi nilikuwa mbele yake nikiwa mzima na kaske kichwani, akalia jina langu. Ndosho nayo ikasikia. Majirani wakaja mbio, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, mmoja ameshabeba sufuria ya chai ya matanga, na wote wanauliza mlangoni: "Njo nani alikufa?"

Na mikro ilikuwa wazi.

"Kivu Moja," madame akaita, na safari hii alikuwa ameogopa kweli, "kuna nini huko Goma? Ni vita? Jibu, tafadhali. Mko salama?" Na nyuma yake nikasikia sauti nyingine, na nyingine, marubani wa nchi nisizozijua wakiuliza Goma imepatwa na nini. Hapo ndipo nilipoonja aibu yenyewe. Watu wote hao wametaja Goma, na wameitaja vilevile ambavyo sikutaka. Ikabidi nisimame mbele ya chumba kilichojaa, nieleze mtandao mzima kwamba hapana, si vita, si volkano, ni wamama wa maombi wanaililia ndege yangu. Nikarudia kwa lugha yetu kwa ajili ya majirani. Mwenye sufuria akaniangalia kwa muda mrefu. "Basi chai hii," akasema, "mutaikunywa tu." Tukainywa.

Madame alinisubiri mpaka kelele zikapoa. Akaniuliza kwa nini niligeuka kaskazini, nami nikamweleza habari ya Mama Riziki, yote, bila kujipamba. Akanisikiliza hadi mwisho. Nikafikiri ameguswa, atanihurumia.

"Egzame umeanguka," akasema. "Mlima hauulizi sababu." Kisha, baada ya kidogo: "Aliiona?"

Nikageuka kumuuliza. Mama Riziki ndiye peke yake ambaye hakulia. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, sasa anatafuna hindi.

"Niliiona," akasema. "Ata bati mupya ya jikoni iko."

Jumatatu yake nilifunga mtandao, nikaweka anga safi, nikachukua ndege ndogo, nikampeleka tena, sisi wawili na mama yangu. Tulipofika kwenye kona ile nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, na ndege ikakaa hewani kama taa. Akanionyesha nani alikaa wapi, nani alikuwa na mbuzi wasumbufu, na akacheka. Alipotosheka akasema: "Sasa twende ku ziwa, fanya vile yule madame alikwambia."

Egzame nilirudia, nikiwa nimefunga mlango kwa komeo, sikuona paa la mutu yeyote, niliona mishale tu, na nikafaulu. Ndege zikaja. Zilipanga foleni kuingia Goma, kila moja ikitaja jina letu kama linavyotajwa jina la mji wowote, Goma, naomba kutua, Goma, naomba kuruka, na zote zikatokea ziwani, hata moja haikugusa mlima. Nilitoa kaske nikamvalisha mama yangu asikilize. Alikaa nayo hadi chakula kikaungua.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: siku ya egzame sipakii abiria, hata awe mama yangu mzazi. Papa Pasta ataomba akiwa nje, kabla sijawasha kitu chochote. Anayetaka kupitishwa kwao aje siku nyingine, tutakwenda polepole kadiri moyo wake unavyotaka. Na siku mkisikia nimegeuka kaskazini tena bila kuuliza, msiwanyamazishe wamama. Acheni wanililie, mara hii watakuwa na haki.