Zita na Maadui Kumi wa Banda la Pasua

Watu wa Pasua hawakwenda kwa Zita kuangalia sinema tu, walikwenda kumsikiliza. Banda lake la video ni la mabati na mbao, lina mabenchi manane na runinga kubwa ukutani. Kando ya mlango pana kijichumba cha plaiwudi, na humo ndimo anamoketi na maikrofoni yake, akiitafsiri filamu kadiri inavyokwenda. Ni binti wa mkulima wa kahawa wa Uru, na Kiingereza alikiokota ujanani alipokuwa akifua mashuka kwenye hosteli ya wapanda mlima. Filamu za mapenzi zinamchosha. Anazozipenda ni za kutisha.

Nyuma ya kalenda ya parokia alikuwa ameandika orodha ya maadui kumi wa sinema, kuanzia anayetisha kuliko wote hadi wa mwisho, akaigongomea juu ya amplifaya. Karatasi hiyo ilizua ubishi usiokwisha.

"Anti Zita, mtu ana shoka, amemaliza kijiji kizima, halafu unampa namba tisa?" Filemon, kijana wa bodaboda, alimuuliza siku moja.

"Mwenye shoka anakuja na kelele," Zita alimjibu. "Mbwa wanabweka, kuku wanaruka, na wewe unakimbia. Huyo amekupa nafasi."

Namba tatu alikuwa bibi harusi aliyefufuka, anayetembea kinyumenyume. Namba mbili, daktari anayewaimbia wagonjwa wake. Namba moja alikuwa mpangaji mmoja mzee, hana kucha ndefu wala meno ya ajabu. Anabisha hodi, anasubiri akaribishwe, anaomba radhi kwa kusumbua. Vijana walimcheka Zita kwa kumweka huyo juu. Yeye hakubadilisha.

Alhamisi moja, saa nane mchana, aliingia mwanamke ambaye Zita alimfahamu kwa sura tu, Eunike, mshonaji wa mtaa wa pili. Alikuwa na kibegi kidogo, na kanga ameikandamiza shavuni. Alipoiondoa ili aseme, Zita aliona taya limevimba.

"Shikamoo, mama. Naomba nikae humu mpaka kaka yangu apige simu. Anakuja kunichukua kutoka Sanya Juu."

"Marahaba. Kaa pale kwenye nguzo, pana giza. Huyo aliyekufanya hivyo anajua uko wapi?"

"Hajui. Ila ananitafuta."

Zita alizima spika ya nje, akaanza filamu. Ndani walikuwapo watu kama ishirini: wauza mitumba, mafundi, mzee Eliaichi muuza mkaa, na Filemon, helmeti yake mapajani.

Ilikuwa inakaribia saa tisa pazia la mlangoni liliposogea. Mwanamume mmoja alisimama hapo, shati limepigwa pasi, mkononi ana mfuko wa sandarusi. Mpini wa panga ulikuwa ukichungulia.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Samahani kwa kukusumbua ukiwa kazini. Naitwa Godwin. Namtafuta mke wangu. Nimeambiwa ameonekana akiingia huku."

Zita aliishusha maikrofoni. "Marahaba, baba. Watu wameingia wengi, siwezi kuwajua wote. Sinema iko karibu kwisha. Nikiikatisha sasa hivi watanivunjia banda. Ingia ukae hapa kwenye kigoda, taa zikiwaka utaangalia mwenyewe."

Godwin alifikiri. Kisha akaketi, mfuko kati ya miguu, goti lake karibu ligusane na la Zita. Ukuta wa plaiwudi ulimzuia kuiona runinga. Yeye alisikia sauti tu. Zita alikuwa na kitundu cha kuangalizia.

Kwenye runinga msichana alikuwa akiendesha gari peke yake kwenye mvua. Zita akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Huyu dada amekaa karibu na nguzo," alisema kwa sauti yake ileile ya kila siku. "Anadhani yuko salama. Hajui kwamba adui ameshafika mlangoni. Dada, usigeuke. Usisimame kwanza."

Kwenye benchi la mbele mtu alicheka. "Nguzo iko wapi? Mbona yuko kwenye ga..." Hakumaliza. Mzee Eliaichi alikuwa amemkanyaga mguu. Ukimya ukatanda banda zima, ukimya ambao Zita hajawahi kuupata kwa filamu yoyote.

"Adui amekuja na chuma," aliendelea. "Lakini Mungu si Athumani. Kuna kijana amepakata helmeti. Huyo ni mtu mwema, na pikipiki yake iko uani, kivulini. Atamtoa dada kwa mlango wa nyuma, ataikokota mpaka mbali ndipo aiwashe, na hatasimama mpaka afike kwa wale wenye sare."

Godwin aligeuza kichwa. "Ni filamu gani hii?"

"Ya zamani," Zita alimjibu, kiganja kimefunika maikrofoni. "Jina lake silijui."

Kwa kile kitundu aliona kivuli cha Eunike kikiinama, kikiambaa ukuta, na cha Filemon nyuma yake. Mlango wa nyuma ulikuwa wa bati, na jua la alasiri lilikuwa upande huo. Alijua kitakachotokea kabla hakijatokea: mlango ulifunguliwa, mwanga mweupe ukapiga paa juu ya plaiwudi.

"Radi!" Zita alipaza sauti, akapandisha sauti ya spika mpaka mabati yakatetemeka. "Radi inapiga, wapendwa, mvua inamwagika!"

Godwin alitazama juu. Mwanga ulikuwa umeshatoweka. Akabaki ametazama paa kwa muda, kisha akamtazama Zita usoni, na Zita akaendelea kusoma midomo ya yule msichana wa kwenye gari, maneno yakimtoka bila yeye kuyasikia.

Haikupita dakika tatu, Godwin akainuka. Alipita katikati ya mabenchi akiwamulika watu usoni kwa simu, mmoja mmoja, panga sasa liko mkononi wazi. Hakuna aliyekimbia, wala aliyemtazama.

"Mke wangu alikaa wapi?"

"Tunaangalia sinema, kaka," alisema mzee Eliaichi.

Kwenye nguzo, Godwin aliinama akaokota kitu. Ilikuwa kanga. Aliinusa. Zita alijua sasa ameelewa, na alisubiri, mkono kwenye swichi ya umeme, asijue giza lingemsaidia nani. Lakini yule mtu alikaa mahali pale pale alipokuwa amekaa mkewe, panga miguuni, kanga mapajani, akaanza kuangalia runinga.

Basi Zita akatafsiri. Filamu ilikwisha, akachomeka nyingine bila kuangalia ni ipi, maana aliogopa kitakachofuata taa zikiwaka. Ilikuwa ya vichekesho. Watu ishirini walikaa kimya mbele ya vichekesho kwa karibu nusu saa, mpaka askari wanne walipoingia, wawili mbele, wawili nyuma. Godwin hakupigana. Alipokuwa akitolewa alisimama kwenye kijichumba.

"Samahani kwa usumbufu, mama," alisema.

Zita alifunga banda wiki nzima, akapanda Uru kwa mama yake kukata majani ya ng'ombe, na kila mgomba uliotikisika ulimshtua.

Mahakamani alitakiwa arudie maneno aliyoyasema kwenye maikrofoni. Aliyarudia taratibu, bila kumwangalia mshtakiwa. Godwin alifungwa miaka mitatu. Zita aliporejea Pasua kutoka mahakamani, vijana walimshauri afute namba moja na kumwandika Godwin. Zita aliing'oa karatasi, akaikunja na kuitia motoni alipokuwa akichemsha chai.

"Hawa nilikuwa nawapanga kwa raha," alimwambia Filemon. "Yule hakunipa raha yoyote."

Filamu za kutisha alizirudia baada ya miezi miwili, maana wateja walizidai, na ukweli ni kwamba hata yeye alizitamani. Ila kijichumba alikihamishia ndani zaidi, akawa anakaa mgongo ukutani, macho mlangoni.

Mwezi wa nane alikwenda Sanya Juu siku ya soko. Eunike alikuwa na cherehani yake chini ya mwavuli, akipunguza suruali ya mteja, taya limepona. Waliketi pamoja wakala ndizi za kuchoma. Hawakuzungumza habari za banda. Eunike alimpima mabega na kiuno kwa utepe, akasema atamshonea gauni la kitenge, na akaandika vipimo kwenye daftari kwa mwandiko mdogo, akitupa jicho barabarani kila mara.